Viti 600 kwa wiki 20: nikikataa, ni akili au ni woga?

Randa_na_Msasa

Wakuu, habari za kazi. Humu mimi ni msomaji wa kimya, ila leo nimebanwa.

Nina karakana ya useremala. Tuko wanne: mimi, fundi mkubwa ambaye tuko naye mwaka wa tisa huu, fundi wa msasa na vanishi, na kijana mwanagenzi aliyeingia mwaka jana. Tunatengeneza meza na rafu pia, lakini viti ndivyo vinavyotulisha. Wiki ya kawaida tunatoa viti 12. Wiki ambayo mashine imegoma tunatoa 8 na maneno mengi.

Juzi kaja mtu mwenye kumbi za mikutano. Alikikalia kiti chetu nyumbani kwa mteja wangu, akakipindua kuangalia chini (hapo alinikosha, maana wengi hawapindui), akauliza nani kakitengeneza. Anataka viti 600 vya aina moja ndani ya wiki 20. Masharti yake: punguzo la asilimia 15 kwa sababu ya wingi, hakuna malipo ya awali, na fedha yote inatoka siku 60 baada ya kupokea kundi la mwisho. Kanipa siku tisa za kujibu. Leo ni ya tatu.

Nimepiga kwanza hesabu ya mikono. Viti 600 kwa wiki 20 ni viti 30 kila wiki. Kwangu mtu mmoja ni sawa na viti vitatu kwa wiki. Kwa hiyo nahitaji watu 10 hata nikiwafukuza wateja wangu wote wa siku zote, na watu 14 nikitaka kubaki nao.

Kila niliyemweleza amesema nichukue. Shemeji yangu aliniuliza nataka Mungu anipe nini tena. Kaka yangu ameshanichorea banda jipya kwenye karatasi, na milango miwili, mmoja wa kuingizia mbao na mwingine wa kutolea mali. Mchoro ni mzuri kweli, nimeubandika ukutani. Lakini kila nikilala tumbo linakataa, na sijui linakataa kwa akili au kwa woga, maana mimi nilishaungua.

Miaka sita iliyopita nilipanuka. Nilitoka watu watano nikafika 11 katika miezi minne. Asubuhi nagawa kazi, nikimaliza kugawa wa kwanza kashamaliza yake anasubiri nyingine. Mchana nafukuzana na mbao. Jioni mishahara na kuamua ugomvi wa nani kachukua patasi ya nani. Siku moja nikavuta randa yangu kutoka kwenye droo nikakuta kisu kimeshika kutu. Tangu nijifunze kazi hii sijawahi kuiacha randa ishike kutu. Nikahesabu: siku 70 sikuwa nimeigusa.

Halafu vile viti. Tulikuwa na haraka, na mbao zikaja bado zina maji. Huwa nazipima mwenyewe kwa kipimo cha unyevu. Mbao za samani za ndani nazitaka kati ya asilimia 8 na 12. Zile sikupima. Nilimwachia mtu, naye akaridhika na neno la muuzaji kwamba "zimekauka". Zilikuja kukauka kweli zikiwa tayari ni viti, sebuleni kwa watu. Ule ulimi wa mbao ukanywea ndani ya tundu lake, gundi ikaachia, kiti kikaanza kucheza. Vilirudi 41. Mama mmoja aliniletea viwili, miguu kaifunga kamba kama mbuzi. Hakugomba hata kidogo. Aliviweka mlangoni, akaniangalia, akaondoka.

Nilipunguza watu mmoja mmoja mpaka tukabaki wanne. Kumwachisha mtu kazi kwa kosa ambalo unajua ni lako, hilo sitaki kulirudia.

Sasa naombeni. Mtu anaweza kuamua kubaki mdogo, akala, akaheshimika, akazeeka na kazi yake? Au huko ni kufa polepole tu? Methali ninazo za kutosha. Naomba hesabu, na yaliyowakuta.

Chapa_Kazi

Kaka, chukua. Watu 14 si jeshi. Ajiri msimamizi, wewe kaa ofisini upokee simu. Mara ya kwanza uliungua kwa sababu hukuwa na mpangilio, si kwa sababu ya ukubwa. Ukikataa, jirani yako ataichukua hiyo oda na mwakani atakuja kukuulizia bei ya mashine zako.

Randa_na_Msasa

Mimi ni dada. Na ofisi yangu ni kigoda na kalenda.

Mama_Leja

Dada pole, na hongera kwa kuanza na hesabu ya mikono, wengi huirukia ya fedha. Mimi kazi yangu ni kuandika vitabu vya biashara ndogo, na kadhaa nimezisindikiza mpaka zikafungwa. Karibu zote zilifungwa zikiwa na oda mezani. Nipe mgawanyo wa bei yako: kiti ukikiuza 100, mbao ngapi, mikono ngapi, kodi na umeme na usafiri ngapi?

Randa_na_Msasa

Mbao, gundi, msasa na vanishi 40. Mikono 30, pamoja na mshahara wangu. Kodi, umeme, usafiri na visu vya mashine 12. Inabaki 18.

Mama_Leja

Umejiwekea mshahara ndani ya gharama, Mungu akubariki. Tuendelee.

Kiti kinakugharimu 82. Mteja wako anataka punguzo la 15, yaani atalipa 85. Ile 18 yako imekuwa 3. Viti 600 mara 3 ni 1,800. Hiyo ndiyo faida ya oda nzima iliyomfanya kaka yako achore banda.

Sasa ona inavyoweza kuliwa. Kiti kimoja kikirudi na ukatengeneza kingine, umetoa 82 nyingine. Viti 22 vikirudi kati ya 600, umetoa 1,804. Umefanya kazi wiki 20 ukatoka na hasara ya 4. Mara iliyopita vilirudi 41.

Halafu fedha ya kuifanyia kazi yenyewe. Hakuna malipo ya awali, kwa hiyo 82 mara 600, yaani 49,200, inatoka kwako kabla hujaona hata senti. Kwa viti 12 kwa wiki, tuseme wiki 48 kwa mwaka, unauza viti 576 na faida yako ya mwaka ni 10,368. Anachokuomba huyu bwana ni umkopeshe karibu faida yako ya miaka mitano, bila riba, ili yeye apate viti vya kumbi zake. Wewe ndiye benki hapo, na benki yenyewe haijaomba dhamana.

Ukienda kukopa kwenye benki ya kweli, fikiria hata riba ya asilimia 1 tu kwa mwezi. Fedha itatoka kidogo kidogo, kwa hiyo kwa wastani itakaa nje kama miezi minne ukijumlisha zile siku 60. Riba ni 1,968. Imeshapita faida yote kabla kiti hata kimoja hakijarudi.

Sisemi usikue. Nasema oda hii kwa masharti haya si kukua. Mauzo yataongezeka, vumbi litaongezeka, na mwisho wa mwaka utakuwa pale pale au chini kidogo.

Chapa_Kazi

Dada samahani kwa kukuita kaka. Mama_Leja nakuheshimu, lakini umechukua gharama za viti 12 ukazibandika kwenye viti 600. Viti vya aina moja mfululizo vinaenda haraka. Unatengeneza violezo, unakata miguu 200 kwa mpigo, hupimi tena kila kimoja. Mikono haiwezi kubaki 30. Na masharti yanajadiliwa, sio aya za msahafu.

Mama_Leja

Hapo una haki, na nilitaka mtu aseme. Tuseme mikono inashuka kutoka 30 hadi 24. Lakini watu wapya 10 wataharibu mbao, kwa hiyo mbao zinapanda kutoka 40 hadi 43, na hapo sijawa mkali. Gharama ni 79, faida ni 6 kwa kiti, jumla 3,600. Toa ile riba, ambayo nayo inashuka kidogo, inabaki kama 1,700. Bado viti 22 vikirudi umerudi mwanzo. Na la masharti nakuunga mkono moja kwa moja: dada, kabla ya kukataa oda, kataa masharti. Kama anavitaka viti vyako kweli, atakaa chini mzungumze. Kama anataka mtu wa kumkopesha, atatafuta mwingine.

Kodi_za_Usiku

Mimi mtu wa programu za kompyuta, sijui hata randa inashikwaje, ila hilo la "nikimaliza kugawa wa kwanza kashamaliza" nalijua. Hesabu jozi za watu wanaopaswa kuelewana. Watu wanne ni jozi 6. Watu 11 ni jozi 55. Watu 14 ni jozi 91. Dada, mara ile hukuongeza watu sita tu, uliongeza jozi 45, na zote zilikuwa zinapitia kichwani mwako, pamoja na ile ya patasi.

Kwetu kuna mhandisi anaitwa Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360 miaka ya 1960. Mwaka 1975 aliandika kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unazidi kuuchelewesha, kwa sababu wanaoijua kazi wanaacha kazi ili wafundishe wasioijua. Wiki zako 20 zina wiki ngapi za kufundisha ndani yake?

Randa_na_Msasa

Mwanagenzi wangu alichukua miezi mitatu kabla sijamwachia akereze mguu wa kiti bila mimi kusimama karibu. Sikuwa nimelifikiria kwa namna hiyo.

Upande_wa_Pili_wa_Benchi

Samahani nichafue hewa. Nyote mnaongea na mwenye karakana. Mimi nilikuwa fundi kwenye karakana iliyoamua kubaki ndogo.

Bosi wangu alikuwa mtu mwema, silipi fadhila kwa matusi. Lakini aliamua kubaki mdogo kwa niaba yetu sote, na sisi tulijulishwa. Watano tulikuwa, miaka saba tukabaki watano. Karakana ya watu watano haina ngazi: kuna mwenye funguo, kisha kuna sisi. Yeye alikuwa ameshajenga, watoto wameshasoma, anataka saa kumi jioni afunge akapumzike. Haki yake. Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi mitano. Kila oda kubwa aliyoikataa alikuja kutusimulia kwa fahari, na mimi moyoni napiga hesabu ya saa za ziada zilizopita mbele ya macho yangu.

Alipenda kusema sisi ni familia. Basi siku naaga akashangaa kweli, macho yakamjaa maji, akaniuliza mbona hukuwahi kusema. Nikamwambia hukuwahi kuuliza.

Dada, huyo fundi wako wa miaka tisa umemuuliza? Usimuulize "tuchukue hii oda?", maana atakujibu unachotaka kusikia. Muulize yeye anajiona wapi miaka mitano ijayo akiwa hapo hapo kwenye benchi lile lile. Kama jibu halipo, hesabu ya Mama_Leja itakuokoa na oda lakini haitakuokoa na barua ya kuacha kazi.

Mama_Leja

Hili mimi sikuliweka kwenye leja. Umenyoosha.

Mzee_wa_Keekee

Binti yangu, mimi nina miaka 40 kwenye mbao, na karakana yangu haijawahi kupita watu watano. Nitasema mazuri yake na mabaya yake, kwa sababu humu naona kila mtu amechagua timu.

Kwanza turudi kwenye ubao. Unajua rafu ya vitabu inavyofanya. Chukua rafu iliyojaa vitabu mwanzo hadi mwisho, kisha tengeneza nyingine yenye urefu mara mbili, ubao ule ule, unene ule ule, nayo uijaze vivyo hivyo. Mwanafunzi atakwambia itapinda mara mbili. Itapinda mara 16. Ukitaka isipinde kuliko ile ya kwanza, inabidi unene uwe kama mara mbili na nusu, na hapo ukipima mbao umetumia karibu mara tano ili upate nafasi mara mbili. Njia nyingine ni kuweka mguu katikati. Watu waliokwambia uongeze ukubwa wamekutajia urefu wa rafu tu. Waulize kuhusu unene: nani atapima unyevu, nani atakuwa mguu wa katikati? Huyo msimamizi wa Chapa_Kazi yuko wapi, na amejifunza kwa nani?

La pili, usidhani mkubwa na mzee ndiye salama. Japani kuna mafundi wa kujenga mahekalu, Kongō Gumi, walioanza mwaka 578 kule Osaka. Zaidi ya miaka 1,400 ukoo mmoja. Walipita vita na njaa na moto. Kilichowaangusha hakikutoka kwenye kazi yao ya mbao. Miaka ya 1980 bei ya ardhi Japani ilipopaa, walikopa wakaingia kwenye biashara ya ardhi na majengo. Bei ikaporomoka, deni likabaki limesimama, kazi za mahekalu nazo zikapungua, na mwaka 2006 wakachukuliwa na kampuni kubwa ya ujenzi. Mafundi wao wanaendelea na mahekalu mpaka leo, ila chini ya mwenye mali mwingine.

Sasa mabaya. Miaka 12 iliyopita nilianguka kwenye ngazi nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wiki 11 kwenye plasta. Vijana wangu wanajua kukata na kuunga, lakini bei nilikuwa nakadiria mimi peke yangu, na mchanganyiko wa vanishi ulikuwa kichwani mwangu, sikuwa nimeuandika popote, nilijiona mjanja. Wiki ya tatu oda zikasimama. Wiki ya sita mmoja akaenda kutafuta kibarua kwingine, na sikumlaumu. Nilikuwa najisifu kwamba nimechagua kuwa mdogo, kumbe kile nilichokiita karakana kilikuwa ni mkono wangu wa kulia.

Tangu siku hiyo vijana wote wawili wakubwa wanakadiria bei, na kila mmoja ana daftari lake la vanishi. Mteja yeyote hapiti robo ya kazi ya mwaka. Akitaka zaidi ya hapo namwambia asubiri mwaka ujao, na wengi husubiri. Bei naipandisha kwa kuangalia foleni: foleni ikipita wiki nane, napandisha kidogo, ikishuka chini ya wiki tatu, natulia na natengeneza vigoda vya kuweka stoo. Mbao hainunuliwi mpaka mteja ameweka fedha ya mbao. Niliposema hivyo mara ya kwanza sauti ilinitetemeka kama naomba posa. Leo nasema huku nafagia.

Lakini ujue pia kwamba ukiwa mdogo huna pa kujificha. Mwezi mbaya mmoja unauona kwenye sahani yako mwenyewe. Mimi nimekuwa na miezi kama hiyo, na mke wangu anaikumbuka kuliko mimi.

Chapa_Kazi

Mzee umenifunga na huo mguu wa katikati. Naondoa neno "msimamizi" mpaka nimpate mwenyewe.

Kodi_za_Usiku

Hiyo mara 16 nimeihakikisha sasa hivi kwa fomyula. Kweli kabisa. Halafu nimeangalia rafu yangu ya vitabu nikaona aibu.

Randa_na_Msasa

Wakuu, leo siku ya tisa imepita, nawapa mrejesho.

Nilifanya kama Mama_Leja alivyosema, nikakataa masharti badala ya oda. Nilimwandikia yule bwana kwamba naweza kumtengenezea viti 120 kwa wiki 20, yaani sita kwa wiki, nusu ya mikono yetu. Bei kamili. Asilimia 40 mbele, kiasi cha mbao. Anapokea makundi ya viti 30, na kila kundi linalipwa kabla la pili halijaanza. Nilisoma barua ile mara nne kabla ya kuituma, na mara zote nne nilitaka kurudisha lile punguzo.

Alipiga simu jioni. Hakukasirika, alicheka kidogo, akasema viti 120 havimtoshi hata ukumbi mmoja. Tukaagana vizuri. Nikakaa kwenye kigoda changu nikajisikia kama mtu aliyeacha basi la mwisho lipite. Sitawadanganya, usiku huo nilimtumia shemeji ujumbe "umeshinda wewe", nikaufuta kabla hajausoma.

Siku mbili baadaye akapiga tena. Zile 600 amempa mtu mwingine. Sisi ametuomba viti 24 vya meza kuu, vya jukwaani, ambako watu wanakaa wakitazamwa. Bei kamili, na 40 kwa mia ameshaweka. Ni wiki mbili za kazi. Mbao nimezipima jana mwenyewe, nyingi ziko kwenye 11, mbili zilikuwa 17 nimezisimamisha ukutani zisubiri.

Na ndiyo, Chapa_Kazi, mtu mwenyewe ni jirani yangu. Juzi ameshusha mashine mbili mpya. Nimezisikia zikiwashwa, zina sauti nzuri kweli, nisiseme uongo. Namwombea mbao kavu.

Sasa lile la Upande_wa_Pili_wa_Benchi, ambalo ndilo lililoninyima usingizi kuliko viti 600. Nilimwita fundi mkubwa baada ya kazi, wengine wameondoka, nikamuuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo. Alinyamaza muda mrefu anafuta gundi mikononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa suala la fedha, na Mama_Leja alishanisaidia pembeni kupanga fungu la faida ambalo litakuwa lake kila mwaka, kwa maandishi. Nikamweleza. Akashukuru, akasema ni jambo jema, akauliza maswali mawili ya maana kuhusu miezi mibaya, tukakubaliana. Pia ataanza kukadiria bei; kesho anaenda kwa mteja bila mimi.

Halafu akasema kuna kitu kingine. Chini ya kila kiti chetu mimi huchonga alama yangu, herufi mbili, upande wa ndani wa fremu. Akaniambia vingi kati ya viti hivyo ameviunga yeye kwa mikono yake kwa miaka tisa, na anayevipindua hasomi chochote chake. Alisema polepole, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msibani.

Sikuwa na jibu. Nilimpa ile patasi ndogo.

Kiti cha kwanza kati ya vile 24 tumekifunga leo mchana. Herufi zake ziko pembeni ya zangu. Ya kwanza imekaa sawa, ya pili imeenda kombo kidogo kwa sababu mkono ulimtetemeka. Aliomba achukue ubao mwingine arudie. Nimemkatalia.